Gari Kuukuu Kama Hati ya Historia: Mafunzo ya Volkswagen Moja ya Lubumbashi

1. Utangulizi

Mwanahistoria amezoea kutafuta ushahidi wake katika maandishi, katika masimulizi ya wazee na katika mabaki ya kale yaliyofukuliwa ardhini. Ni mara chache anapoelekeza macho yake kwenye vyombo vya karibu, vile ambavyo babu zetu walivitumia na ambavyo leo vinaoza nyuma ya nyumba zetu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba gari kuukuu, likifufuliwa nyumbani na mtu asiye fundi, laweza kuwa hati ya historia yenye kusema mambo ambayo vinywa vya watu vimeyanyamazia. Yanakusudia pia kutoa onyo: kazi hiyohiyo ya kufufua yaweza kuifuta hati hiyo kabla haijasomwa.

Gari linalohusika ni Volkswagen ndogo ya mviringo, ile ambayo wasemaji wa Kifaransa waliipa jina la mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi. Lilikuwa mali ya babu yangu, aliyekuwa karani katika mji wa Élisabethville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Baada ya uporaji wa mwaka 1991 liliegeshwa chini ya mwembe katika lupango wa familia, na halikutoka tena. Mwandishi wa makala haya ni mwanaisimu. Siku alipoanza kazi hii hakuwa amewahi kufungua hata plagi moja. Basi mafundi watakaoyasoma haya na wamwie radhi.

Katika familia yetu ilisimuliwa daima kwamba babu alilipata gari hilo "mwaka wa uhuru", na kwamba tarehe 30 Juni 1960 aliwapakia watoto wake na kuwazungusha mjini kusherehekea. Watoto wote wa ukoo wanaijua habari hiyo. Nami niliipokea bila kuiuliza swali, mpaka siku gari lenyewe liliponijibu.

2. Asili ya gari

Haifai kukienzi chombo bila kujua kilikotoka. Volkswagen ilibuniwa na mhandisi Ferdinand Porsche, aliyepewa kazi hiyo mwaka 1934 chini ya utawala wa Hitler. Jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa tarehe 26 Mei 1938. Wajerumani wapatao 336,000 walijiandikisha kuweka akiba kila juma ili wapate gari hilo. Hakuna hata mmoja wao aliyekabidhiwa gari kwa njia hiyo, kwa maana vita vilizuka na kiwanda kikageuzwa kutengeneza vyombo vya kijeshi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wafungwa na watu waliolazimishwa kutoka nchi zilizotekwa. Sisi tulio wajukuu wa watu walioonja kazi ya shuruti hatuwezi kulipita jambo hilo kimyakimya.

Baada ya vita, mji wa kiwanda ulipewa jina la Wolfsburg mwaka 1945. Kiwanda kiliangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza, na chini ya usimamizi wa Meja Ivan Hirst uundaji wa magari ya kiraia ulianza tarehe 27 Desemba 1945. Gari la milioni moja lilitoka Agosti 1955. Tarehe 17 Februari 1972 Volkswagen hiyo ilivunja rekodi ya idadi iliyokuwa ikishikiliwa na Ford Model T, na gari la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Jumla ya yote ni magari 21,529,464.

Kwa upande wa Katanga palikuwa na milango miwili ambayo gari kama hilo lingeweza kuingilia. Mlango wa kusini ulielekea Afrika Kusini, ambako magari hayo yaliundwa Uitenhage tangu mwaka 1951. Mlango wa kaskazini ulielekea Ubelgiji, ambako kampuni ya D'Ieteren iliyaunda Brussels tangu mwaka 1954. Usukani wa gari la babu uko upande wa kushoto, kama ifaavyo katika nchi ambamo magari hupita kuume. Huko kusini mwa mpaka magari hupita kushoto. Hiyo ni dalili ya kwanza kwamba gari hili ni la mlango wa Ulaya.

Sababu za gari hili kupendwa katika nchi yetu zinafahamika kwa yeyote aliyewahi kusafiri masika. Injini yake hupozwa kwa hewa, haina rejeta wala maji ya kuchemka njiani. Imewekwa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, hivyo uzito wake huyakandamiza matairi yasiteleze ovyo matopeni.

3. Kulipa gari umri wake

Mwanagenzi wa kazi hii hutamani kuanza kwa kufungua nati. Afadhali aanze kwa kuangalia. Gari halikubadilika sana sura yake kwa miaka mingi, lakini kila mwaka kiwanda kilirekebisha jambo dogo, na mwaka wa kiwanda ulihesabiwa kuanzia Agosti hadi Julai. Kwa hiyo anayejua marekebisho hayo aweza kulipa gari umri wake, kama mfukuaji wa kale anavyokipa chungu umri wake kwa kutazama nakshi.

Katika gari la babu niliona mambo matatu. Kwanza, taa za kuashiria kona ziko juu ya madigadi ya mbele. Hadi katikati ya mwaka 1960, magari ya Ulaya ya aina hii yalikuwa na mikono midogo iliyochomoza kutoka kwenye nguzo iliyo nyuma ya mlango. Taa ziliichukua nafasi yake tangu Agosti 1960. Hata hivyo taa zaweza kuongezwa baadaye na fundi, kwa hiyo ushahidi huo peke yake hautoshi. Pili, nilipapasa nguzo zenyewe na kuikwangua rangi kidogo: hazina tundu la mikono hiyo, wala bati lililochomelewa kuliziba. Bodi hiyo ilizaliwa bila mikono. Tatu, mbele ya dereva hakuna geji ya mafuta. Badala yake, karibu na miguu pana kibomba kidogo ambacho dereva hukigeuza kwa ncha ya kiatu ili apate akiba ya mwisho ya petroli. Katika magari ya daraja hili geji iliingia tangu Agosti 1961.

Ikiwa bodi ni ya baada ya Julai 1960, na kibomba ni cha kabla ya Agosti 1961, basi gari liliundwa katika miezi kumi na miwili iliyo kati ya hayo mawili. Nilinyanyua kiti cha nyuma, nikasugua uti wa chasisi kwa kitambaa chenye mafuta, na namba ikajitokeza. Ni namba ya tarakimu saba, nayo inaangukia katika mfululizo wa mwaka huohuo.

Hapo nilikaa chini. Tarehe 30 Juni 1960, siku ambayo babu alidaiwa kuwazungusha watoto mjini, gari hili lilikuwa halijaundwa.

4. Kosa la mwanagenzi

Yafaa hapa nikiri kosa langu, maana bila hilo makala haya yangekuwa na jibu kamili zaidi. Juma moja kabla ya kuisoma namba ya chasisi, nilikuwa nimeanza kusafisha upande wa ndani wa kifuniko cha mbele. Palikuwa na mistari ya rangi nyeupe iliyochujuka, ambayo niliidhani ni uchafu wa wachoraji. Nikachukua kitambaa na tina, nikasugua kutoka juu kwenda chini. Nilipofika katikati nikaona tarakimu. Ilikuwa ni orodha ya babu: kila alipobadilisha oili aliandika tarehe na kilomita.

Mstari wa kwanza uliosalia ni wa Machi 1963. Iliyokuwa juu yake, ambayo pengine ilianza na siku gari lilipofika nyumbani, ilikuwa imebaki juu ya kitambaa changu. Fundi mzee wa mtaani, aliyekubali kunifundisha kila Jumamosi, alitazama kifuniko kwa muda mrefu kisha akasema: "Mwalimu, umepangusa kitabu."

Tangu siku hiyo tulifuata kanuni ambayo ningependa kila mwanagenzi aishike. Usifungue, usikwangue, usioshe kitu kabla ya kukipiga picha na kukiandika. Kila kipande kinachotolewa kiwekwe katika mfuko wake, pamoja na nati zake, na mfuko uandikwe jina la kipande na mahali kilipotoka. Kanuni hii huokoa historia, na huiokoa kazi pia: baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka ni skrubu ipi ilishika nini.

5. Matengenezo kama matabaka

Baada ya hapo gari lilisomwa tabaka kwa tabaka. Chini ya rangi nyeupe palikuwa na kijani, na chini ya kijani rangi ya samawati ya kiwandani. Mfumo wa umeme, ambao kiwandani ulikuwa wa volti 6, ulikuwa umegeuzwa kuwa wa volti 12. Namba iliyo kwenye injini si ya mwaka wa chasisi. Injini ya kwanza ilikwisha kuondoka, na hii ilitoka katika gari jingine. Dari mbovu ilikuwa imeshonewa kitenge upande wa nyuma.

Sakafu ilisimulia zaidi. Katika Volkswagen hizi betri hukaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na tindikali inayomwagika hula bati lililo chini yake. Hapo ndipo anayelinunua au kulirithi gari hili apaswa kutazama kwanza, kabla hajadanganywa na rangi. Katika gari letu mahali hapo palikuwa na kiraka cha bati la pipa, na herufi zilizokuwa zimebonyezwa kwenye pipa bado zaonekana kwa chini. Madigadi ya nyuma upande wa kushoto nayo haikutoka Ujerumani: ilifuliwa kwa nyundo, kwa mkono, na alama za nyundo zapapasika upande wa ndani.

Kila tabaka lina majira yake. Tarehe 30 Novemba 1973 serikali ya Zaire ilitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakabidhiwa raia. Katika miaka iliyofuata maduka mengi yalikauka, na vipuri vikawa shida. Fundi mzee, aliyekuwa mwanafunzi wa gereji wakati huo, alisema kwamba aliyevunja madigadi hakuuliza bei ya mpya, aliuliza mfua bati anaishi wapi. Kiraka cha pipa na madigadi ya nyundo ni maandishi ya miaka hiyo. Hakuna gazeti lililoyaandika kwa uwazi namna hiyo.

Kwa kazi yenyewe, fundi alinifundisha utaratibu usiobadilika. Breki hutangulia injini, kwa sababu gari lisilowaka halimuui mtu, bali lisilosimama humwua. Vumbi la viatu vya breki vya zamani lisipulizwe kamwe, kwani vilitengenezwa kwa asbesto. Huloweshwa maji na kufutwa. Tangi la petroli, ambalo liko mbele, huondolewa na kupelekwa mbali kabla ya mchomeleaji hajawasha moto. Injini iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa pupa: hutolewa plagi, humwagiwa oili kidogo kila silinda, huachwa siku kadhaa, kisha huzungushwa kwa mkono polepole. Silinda ya tatu ichunguzwe kuliko nyingine, kwa kuwa katika injini za wakati ule kipoza-oili kiliizuilia hewa, na vali yake ya kutolea moshi ilizoea kuungua. Yetu ilikuwa imeungua.

6. Maneno ya gereji

Mwanaisimu hawezi kupita gereji bila kusikiliza. Kiswahili cha mafundi wa Lubumbashi nacho kina matabaka. Gari lenyewe huitwa motokari, neno la asili ya Kiingereza. Yafaa kukumbuka kwamba reli iliyoufikia mji huu mwaka 1910 ilitoka kusini, kutoka Rhodesia, pamoja na wafanyakazi na maneno yake. Lakini ukifungua motokari hiyo, ndani yake unakuta Kifaransa: usukani ni volani, tairi ni pine, plagi ni buji, breki ni fre, bati ni tole, petroli ni esanse. Jina la nje lilikuja kwa reli ya kusini. Majina ya viungo yalifundishwa katika gereji na shule za Wabelgiji. Juu ya yote limebaki neno fundi, ambalo wasemaji wa pwani na wa Katanga wanalitumia bila kuhitaji mkalimani.

Baadhi ya wenzetu huyahesabu maneno hayo kuwa uchafu wa lugha, unaopaswa kusuguliwa ili Kiswahili sanifu king'ae. Mimi niliyewahi kusugua kifuniko kwa tina siwezi tena kusema hivyo. Kuyafundisha maneno sanifu ni wajibu wetu. Kuyafuta ya mafundi kabla hayajaandikwa ni kupangusa kitabu. Mwaka 1990 Johannes Fabian alichapisha historia ya mji huu iliyokuwa imeandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili chao wenyewe. Kama mtu angaliisahihisha lugha ile kwanza, tungalipoteza nusu ya ushahidi wake.

7. Jibu la nyanya

Lilibaki swali la tarehe. Nilimwendea nyanya, ambaye sisi humwita nkambo, nikamweleza kwa heshima yale niliyoyaona: nguzo, kibomba, namba. Sikumwambia kwamba familia ilisema uongo. Alinyamaza, kisha akasema: "Ile motokari ilikuyaka wakati ya Tshombe. Tulisemaka uhuru juu ya kuikala na amani."

Msomaji wa Katanga hahitaji maelezo marefu. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na hali hiyo ilidumu hadi Januari 1963. Kwa miaka mingi baadaye, kusema kwamba ulipata mali katika siku zile kulikuwa kujipachika alama ambayo jirani angeweza kuisoma vibaya. Karani aliyenunua gari kuukuu kidogo kwa mzungu aliyekuwa akifunga mizigo hakuwa mwanasiasa. Lakini alijua kwamba atakayeuliza hatatofautisha. Ndipo gari likarudishwa nyuma mwaka mmoja, likapewa siku ambayo hakuna awezaye kuilaumu. Na bila shaka mstari wa kwanza wa orodha ya kifuniko, ule niliousugua mimi, ndio pekee ambao babu aliuandika kweli na kuufunika kwa kifuniko.

8. Kurudisha nini?

Wataalamu wa majengo ya kale walikubaliana katika Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kwamba ukarabati lazima ukome pale makisio yanapoanza, na kwamba michango halali ya kila kipindi iheshimiwe. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, liliichukua roho hiyo katika Mkataba wa Turin wa mwaka 2012. Kwa mwanagenzi maana yake ni rahisi: kulifanya gari lifanane na siku lilipotoka kiwandani ni kuchagua siku moja na kuzikana nyingine zote.

Sisi tuliamua hivi. Sakafu ilikuwa imeoza kiasi cha kuhatarisha maisha. Tulichomelea bati jipya, na kiraka cha pipa tumekihifadhi ndani ya nyumba pamoja na maelezo yake. Breki zote ni mpya, kwa maana usalama hauna historia ya kuhifadhi. Volti 12 zimebaki. Madigadi ya nyundo imebaki, na fundi mzee aliipaka rangi kwa mkono wake bila kuzificha alama. Kifuniko cha mbele hakikupakwa rangi upande wa ndani: nusu yake ni tupu, nusu ina orodha.

Tulipoliwasha mara ya kwanza, nkambo aliletewa kiti uani. Alisikiliza mlio, akasema kwamba ndio wenyewe. Sikumweleza kwamba injini ni ya gari jingine.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba gari moja kuukuu limeweza kusahihisha tarehe, kueleza ukimya wa familia, kuonyesha ubunifu wa mafundi wakati wa uhaba, na kufunua matabaka ya lugha yetu. Hakuna lolote kati ya hayo lililopatikana kwa kuling'arisha. Yote yalipatikana kwa kulisoma kabla ya kuligusa, na moja lilipotea kwa kuligusa kabla ya kulisoma.

Katika malupango ya mji huu bado yamo magari mengine yaliyolala, na katika gereji zetu bado wamo wazee wenye maneno ambayo hayajaingia kamusi yoyote. Tungependa kuwahimiza wanafunzi wetu wa historia na wa isimu waende huko na daftari, kabla ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Waende pia kwa unyenyekevu, wakijua kwamba huko wao ndio wanagenzi. Mwandishi wa makala haya anakihifadhi kitambaa chake chenye madoa meupe. Hakisomeki tena, lakini humkumbusha.